Matimba ya Mtu Mmoja

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hata hilo la tatu nililimaliza kwa sababu shule ilikuwa njiani kuelekea malishoni. Nasema mapema ili anayesoma asije akashangaa huko mbele. Karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu, kule upande wa Geita, nimelijenga mwenyewe. Nyumba ya Ngokolo, mjini Shinyanga, nimeijenga mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyenipigia simu. Kwa hiyo ninapoeleza habari ya kuchagua lugha ya kompyuta, mtu asidhani ni mzee anayeropoka. Aliyeandika mfumo ni binti yangu, lakini aliyesema "andika kwa hii" ni mimi. Ningeweza kusema "andika kwa ile", naye angetii. Hilo ndilo linalonikalia kifuani mpaka leo.

Habari ilianzia kwenye viroba.

Kwenye karasha, mwenye mawe hukalia mawe yake. Ndivyo nilivyoikuta kazi hii na ndivyo wengi wanavyoifanya. Mchimbaji analeta viroba vyake, anavipanga kwenye foleni, anakaa juu. Hali mbali navyo, halali mbali navyo. Akiondoka, jiwe zuri linaweza kutoka kwenye kiroba likaingia la barabarani, au foleni ikamruka na kila mtu akaapa kwamba hakumwona tangu asubuhi. Basi watu wanakaa, mvua inyeshe, jua liwake, vumbi la mashine linawapaka weupe mpaka kwenye kope. Umeme ukikatika foleni inasimama, na wao wapo juu ya viroba wanatazamana.

Kuna mama mmoja wa Kishapu, mnunuzi wa mawe, mteja wangu wa siku nyingi. Aliwahi kukaa juu ya viroba vyake huku mama yake mzazi anaumwa nyumbani. Simu inalia, anasema, "Nikimaliza kusaga nakuja." Inalia tena, anasema hivyohivyo. Mashine siku hizo zilikuwa zinasumbua. Alipomaliza kusaga, hapakuwa tena na mgonjwa wa kumwahi. Alisimama, akakung'uta khanga, akapanda bodaboda, hakumlaumu mtu. Mimi nilishazoea mambo ya namna hiyo. Binti yangu hakuzoea.

Binti huyu ndiye mtoto wetu wa mwisho. Amesoma kompyuta Dar es Salaam, akarudi, akawa anafanya kazi zake hapo Ngokolo kwenye chumba cha mbele, na sisi tukazoea kumsikia akigonga vitufe wakati mama yake anapeta mchele. Siku ile ya mama wa Kishapu alikuwa amenisindikiza karashani. Tukiwa njiani kurudi, tunakaribia Kahama, akasema.

"Baba, foleni ile inaweza kukaa kwenye simu."

"Foleni ni ya watu. Itakaaje kwenye simu?"

Akanieleza. Mtu akifika, viroba vyake vinapimwa, vinafungwa lakiri, vinaingia stoo, anapewa namba. Anakwenda zake nyumbani, sokoni, kanisani, popote. Zamu yake ikikaribia, simu inampelekea ujumbe. Hata simu ya kitochi inatosha. Nikaona ni maneno ya maana. Nikamwambia aanze kesho.

"Kesho siwezi. Kwanza nichague lugha."

"Kiswahili," nikamwambia. "Wote pale wanakielewa, hata wanaojifanya hawakielewi."

Akacheka. "Si lugha ya ujumbe, baba. Lugha ya kuandikia mfumo wenyewe. Ile ninayoiambia kompyuta ifanye nini."

"Nilidhani hiyo ni Kiingereza."

"Ziko nyingi. Nyingi kuliko makabila ya Katoro."

"Na zenyewe zinagombana?"

"Lugha hazigombani. Wanaogombana ni wanaozijua."

Siku zilizofuata alinifundisha, na mimi si mtu wa kufundishwa mara mbili. Alikuwa na lugha yake moja aliyoipenda, inaitwa Elixir. Alipokuwa anaieleza, mikono ilikuwa haikai. Alisema mfumo ulioandikwa kwa lugha ile unagawanyika vipande vingi vidogo, kila kipande na kazi yake, na juu yao kuna wasimamizi. Kipande kimoja kikianguka, vingine vinaendelea kama vile havina habari, na msimamizi anakiinua kile kilichoanguka kianze upya. Mimi niliyechimba ujana wangu wote nilielewa hapohapo. Njia moja ya chini ikititia, wa njia nyingine watoke salama. Ni nani asiyetaka kitu cha namna hiyo?

"Hiyohiyo," nikamwambia. "Andika kwa hiyo."

"Ngoja kwanza, baba. Bado nafikiri."

Sikupenda lile "bado nafikiri", na sababu nilikuwa nayo. Kuna kampuni moja huko Ulaya, katika nchi ambayo jina lake mpaka sasa nalitamka vibaya, ilikuwa inamjaribu. Wanazungumza naye kwenye kompyuta, wanampa maswali, anajibu, wanampa mengine. Walichokuwa wanakitafuta kwake ni hiyohiyo lugha yake, kwa sababu hata huko kwao wanaoijua si wengi. Hakunificha. Alituambia wote wawili, mimi na mama yake, akiwa amesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda dukani. Alisema bado hawajamkubali. Mama yake akauliza kama huko kuna Wasukuma. Akasema hajui. Nilijiambia kimoyomoyo kwamba karasha litamshika. Mtu aliyeanzisha kazi haiachi katikati, na huyu nimemlea mimi.

Ikapita muda, akaenda karashani akakaa siku kadhaa akiwatazama watu wa foleni. Aliporudi uso ulikuwa umempauka kwa vumbi. Akanawa, akaja akakaa mbele yangu.

"Nimeamua lugha, baba. Nitaandika kwa PHP."

Hiyo nilikuwa nimeshaisikia. Yeye mwenyewe aliwahi kuisema vibaya mbele yangu, kwamba ni ya zamani, kwamba imeshonwashonwa viraka.

"Umeacha ile ambayo haianguki yote kwa pamoja?"

"Hii nayo haitaanguka nikiiandika vizuri. Foleni ya karasha si kitu kikubwa, baba. Hii inaibeba."

"Ulisema ina viraka."

"Ina viraka, lakini kila fundi anaijua. Vyuo vyote vya huku vinafundisha hiyo. Yule fundi wa Kahama mwenye duka la fotokopi anaijua. Geita wapo. Mwanza usiseme."

"Na ile yako?"

"Ile yangu, hapa Shinyanga nani anaijua?"

"Wewe."

Akawa anatazama mikono yake. Nami nikaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba wameshamkubali.

"Lini?" nikamwuliza.

"Wamesema nikiwa tayari niwajulishe. Sijawajibu." Halafu akasema polepole, kama anayepita penye matope, "Baba, wewe ndiye mwenye kazi. Ukisema niandike kwa ile ya kwanza, nitaandika kwa ile ya kwanza. Na kama ni ile, nitabaki niiangalie, maana siwezi kukuachia kitu ambacho hakuna wa kukishika. Lakini wewe mwenyewe umetulea na neno moja. 'Sitaki matimba ya mtu mmoja.' Umelisema mpaka tumelichoka."

Hapo lazima nieleze, la sivyo mtu hatajua kwa nini neno hilo lilinishika.

Nilipokuwa kijana nilichimba kwenye duara la mtu, shimo refu la kwenda chini, na ndani yake limefungwa matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisitufukie. Fundi matimba wa pale alikuwa mzee wa Kisumbwa. Hodari, sijaona mwingine. Lakini alikuwa na mafungo yake mwenyewe. Gogo hili analiingiza kwenye lile kwa namna anayoijua yeye, kabari anaificha nyuma usiione, na ukimwuliza anakujibu, "Wewe shuka, kuuliza niachie mimi." Tulikuwa tunashuka. Muda wote aliokuwepo, duara lile halikudondosha hata kokoto, na mwenye duara alimlisha nyama kila siku ili asihame. Halafu mzee akaugua, akarudishwa kwao, akafia huko.

Ikaja siku gogo moja likawa limeoza, halina budi kubadilishwa. Akaletwa fundi mwingine, mzuri tu, nisimsingizie. Akashuka na mwenzangu wa zamu, kijana wa Tinde tuliyekuwa tunakula naye sahani moja. Fundi akatafuta kabari pale ambapo kila fundi huiweka. Hakuiona. Akadhani haipo, akagonga. Kumbe palepale alipogonga ndipo upande mzima ulipokuwa umeshikilia. Fundi tulimtoa hai. Mwenzangu tulimtoa baadaye, na nilikwenda mimi Tinde kuwaambia kwao, kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua nyumba.

Nilipopata maduara yangu mwenyewe nikaweka sharti, na sharti hilo halijawahi kulegea. Matimba yafungwe kwa namna ambayo fundi yeyote akishuka, awe katoka Nyarugusu au wapi, anajua kabari iko wapi bila kuuliza. Nimewafukuza mafundi wazuri kwa jambo hilo. Mmoja alilia. Nikamwambia kazi yake ni nzuri kuliko ya wote, na aondoke nayo. Watoto wangu wamekua wanasikia habari hiyo mezani. Sasa huyu wa mwisho alikuwa ameichukua akaiweka mbele yangu, na alikuwa na haki.

Nikamwambia nitamjibu.

Mama yake alikuwa uani anaanika michembe ya viazi. Alikuwa amesikia yote, maana dirisha lile halina kioo tangu watoto wa jirani walipolipiga mpira. Nilipotoka hakuinua kichwa.

"Mzee, mwambie aandike kwa ile yake."

"Ipi?"

"Unajua ipi. Ile wasioijua wengine."

"Ili iweje?"

"Ili abaki. Nimemzaa mimi, namjua. Hawezi kuondoka akaacha kazi ya baba yake haina mwenyewe. Atabaki, ataolewa hapahapa Shinyanga, nitamwona."

"Hata mimi najua atabaki."

"Sasa unangoja nini?"

"Sharti langu unalijua."

Akaweka ungo chini. "Yale ni magogo, mzee. Huyu ni mtoto."

Nimejibishana na wachimbaji, na maofisa, na watu walionijia na mapanga. Neno lile nililikimbia. Nikachukua kofia, nikaenda karashani, nikakaa huko zaidi ya nilivyohitajika. Msimamizi wa karasha, mtu mzima mwenzangu tuliyeanza naye, aliniona ninavyozungukazunguka, akanisalimia.

"Mwangaluka, mzee. Umekuja kukagua au umefukuzwa nyumbani?"

"Mwangaluka. Yote mawili."

"Basi kaa juu ya kiroba kama wenzako."

Nikakaa kweli. Nikawatazama wale watu. Mwanamke mmoja alikuwa ananyonyesha juu ya mawe. Mzee wa umri wangu alikuwa amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kaifunga kwenye kiroba, ili akisinzia asiibiwe. Nikawa nawaza jinsi mambo yatakavyokuwa, na nilikuwa nayaona yote mawili vizuri sana. Nikisema ile ya kwanza, mtoto yupo chumba cha mbele, anagonga vitufe, mama yake anafurahi. Kisha siku moja mtoto anaugua, au anapata mume wa mbali, au anachoka tu, maana kila mtu huchoka. Mfumo unasimama, na hawa watu ambao wameshazoea kwenda zao, viroba vyao vimefungiwa stoo, na hakuna anayejua kiroba kipi ni cha nani wala nani anafuata. Pale wangechomana visu. Nayajua mawe, najua watu wa mawe.

Na nikisema ile ya pili, chumba cha mbele kinakuwa cha kuwekea magunia.

Nilirudi Ngokolo asubuhi, nikawakuta wanakunywa uji. Sikukaa.

"Andika kwa ile ya mafundi wote," nikamwambia.

Alinitazama, kisha akatazama bakuli. "Wabeja, baba," akanishukuru. Si mtu wa kuongea Kisukuma, huyu. Mara nyingi ukimsemesha kwa Kisukuma anakujibu kwa Kiswahili. Mama yake alibeba bakuli lake akaenda kumalizia jikoni. Tangu siku ile hatunywi uji pamoja, mimi na yeye. Hatukugombana. Anakunywa jikoni, basi.

Kuandika kwenyewe hakukuchukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa muda mrefu, na hilo nalo liliniudhi. Alinunua kompyuta ya pale karashani, akaivalisha mfuko wa nailoni dhidi ya vumbi, akamfundisha msimamizi kupima na kuandika namba. Kisha akamleta yule fundi wa Kahama. Huyo ni mtu wa makamo, asili yake Tabora, kanzu yake nyeupe hata vumbini, anatengeneza kadi za harusi na kufufua kompyuta za watu. Binti alimketisha, akamfungulia yale maandishi, akasimama nyuma yake bila kumwambia kitu. Mimi nilisimama nyuma ya binti.

Fundi alikuwa anateremka mstari kwa mstari, anaguna. Mwishowe akasema, "Hii inasomeka, dada. Umeandika kama unamwandikia mtoto."

"Kuna mahali umekwama?"

"Sijapaona."

"Tafuta tena."

Akatafuta. Hakupaona. Binti akatoa pumzi. Mtu asiyemjua angedhani amefurahi tu, na kweli alifurahi.

Siku ya kuanza watu walikuja na maneno yao. Mama wa Kishapu alishika namba yake kwa ncha za vidole. "Binti, na simu ikizima chaji je? Mtanipigia filimbi?"

"Tutapiga kelele jina la babu yako," msimamizi akamwambia, "mpaka aje mwenyewe."

Watu wakacheka, wakapokea namba, viroba vikafungwa lakiri, vikaingia stoo. Kisha wote wakakaa nje ya mlango wa stoo. Hakuna aliyekwenda popote. Simu zikawa zinalia mifukoni mwa watu walio hatua chache kutoka kwenye mashine, wanasoma ujumbe kwamba zamu yao imekaribia, wanainuka wanaingia. Binti alikuwa anawatazama, hajui acheke au alie. Nikamwambia awape muda. Wa kwanza kuondoka alikuwa yuleyule mama wa Kishapu. Alisimama akasema anakwenda kwake, akafunge mbuzi. Mwenzake akamwuliza kama haogopi. Akajibu, "Niogope nini? Siku niliyotakiwa kuondoka nilikaa. Leo hata sina wa kumwahi, lakini naondoka." Akaondoka. Baada yake wakaanza kutoka mmojammoja.

Binti naye akaondoka kabla pamba haijaanza kuvunwa. Mama yake alimfungia michembe kwenye mfuko, akamwambia asimpe mtu. Mimi nilimpeleka Mwanza kupanda ndege. Njiani tulizungumza habari za matairi. Pale uwanjani alinishika mkono kwa mikono miwili akapiga magoti kidogo, mbele za watu, na suruali yake ya safari. Nikamwambia ainuke asije akachafuka. Ndilo neno la mwisho nililomwambia hapa nchini, na ni neno zuri tu, silijutii, ila si lile nililokuwa nimelipanga.

Mfumo ulikwenda bila tatizo, mvua zikaja zikapita. Halafu asubuhi moja ujumbe ukakoma. Namba zinaingia, viroba vinaingia, simu haziiti. Msimamizi akazima kompyuta akaiwasha, akaipuliza, akaipiga kofi. Hakuna. Mpaka mchana watu walikuwa wamerudi wote, wameikalia ngazi ya mlango wa stoo, na macho yao yalikuwa yameanza kubadilika. Yule mzee wa kamba alikuwa ameshaitoa kamba.

Nikampigia fundi wa Kahama. Akasema anakuja.

Sasa niseme kitu na kisemeke. Nilipokuwa namngoja, nilikuwa natamani ashindwe. Watu wangu wamekaa juani, karasha langu linaingia aibu, na mimi natamani yule bwana aifungue ile kazi, akune kichwa, aseme, "Mzee, hii anaijua aliyeiandika peke yake." Ningempigia binti. Angelazimika kukaa na mimi kwenye simu siku nzima, ananiuliza, namjibu, ananiuliza. Labda angesema, "Ngoja nije, baba."

Fundi alifika, akakunja mikono ya kanzu, akakaa. Msimamizi akamletea chai ya rangi. Mimi nikakaa pembeni yake, nikawa naangalia uso wake tu, kwa sababu maandishi yale siyajui. Uso haukukunjamana. Aliteremka na mistari, akasimama mahali, akasema, "Ah." Akaniambia kwamba wale wanaotupitishia ujumbe wamebadilisha njia upande wao, nasi tunaendelea kugonga mlango wa zamani. Akaniambia binti alishaliwaza hilo, akaiweka anwani ya mlango mahali pamoja, peupe, ukibadilisha pale umebadilisha kote. Akagonga vitufe kidogo. Nje, simu zikaanza kulia, moja, nyingine, halafu nyingi kwa pamoja, na watu wakainuka kwenye ngazi.

Fundi akageukia chai yake. Bado ilikuwa ya moto, alilazimika kuipuliza.

"Kazi imekwisha?" nikamwuliza.

"Imekwisha, mzee. Ungenieleza kwa simu ningemwambia msimamizi afanye yeye."

Nikamshukuru. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya mashine, mahali ambapo kelele zinakuwa nyingi mtu asikusemeshe.

Usiku, nimesharudi Ngokolo, binti alipiga simu. Msimamizi alikuwa amemwandikia asubuhi, kabla hatujampata fundi.

"Shikamoo, baba. Nimesikia imesimama."

"Marahaba. Ilisimama, sasa inakwenda."

"Nani kaitengeneza?"

"Fundi wa Kahama."

Huko aliko nilikuwa nasikia upepo, au labda ni magari. "Alisumbuka sana?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi, ananitazama. Nilijua anataka nijibu nini. Na lilikuwa neno jepesi, ningeweza kulisema na hakuna ambaye angekuja kuliuliza. Alisumbuka, mwanangu. Alihangaika mpaka jua likazama. Wanakuhitaji.

"Hakusumbuka," nikamwambia. "Hata chai yake haikupoa."

Nikamsikia akitoa pumzi, kama alivyofanya siku ile amesimama nyuma ya kiti cha fundi.

"Basi vizuri, baba."

"Vizuri."

Akauliza habari za mama yake. Nikampelekea mke wangu simu kule jikoni. Aliipokea bila kunitazama, akaegemea ukuta, wakaanza kuongea mambo yao. Mimi nikaingia chumba cha mbele kutafuta gunia la kuwekea mchele, nikakaa humo kidogo kabla ya kutoka nalo.